Ini Lako Ni Zima, Saumu

Buchani, Nyeri
Ijumaa alasiri

Binti yangu Saumu,

Salamu nitakupa asubuhi kwa mdomo wangu, humu sina nafasi nazo. Nakuandikia nikiwa buchani. Mlango nimeufunga na wateja nimewaambia nyama imekwisha, ingawa mguu mzima wa mbuzi unaning'inia hapa mbele yangu. Nyumbani siwezi kuandika. Wanawake wameijaza nyumba kwa vigelegele, na mikono yako imepakwa hina, hata nikikupa karatasi hii sasa huwezi kuishika. Nitakupa kesho mapema, kabla ya watu wa Kutus kufika. Nataka ukikasirika ukasirike ukiwa bado chini ya paa langu.

Ya jikoni na ya kuamkia wakwe, mama yako na somo wako wamekujaza nayo hadi yanamwagika. Hayo siyagusi. Nina jambo moja, na nikianza kulizunguka nitaogopa kulifikia, kwa hiyo nalisema sasa hivi: nimewaambia.

Jumanne sikwenda Karatina kutafuta mbuzi wa karamu kama nilivyokudanganya. Nilikwenda Kutus. Nilikaa sebuleni kwa wakwe zako nikawaeleza kwamba binti wanayemchukua ana mshipa ulioziba tumboni, kwamba ametapika damu tangu utotoni na anaweza kutapika tena. Siku ya posa uliniapisha kwa jina la Mungu nisiwaambie, nami nikaapa. Kiapo nimekivunja. Kafara yake nitafunga, hilo ni langu na Mola wangu. Lakini wewe nina deni la kukueleza kwa nini, na siwezi kukueleza bila kurudi nyuma.

Hukumbuki siku cucu yako, mama wa mama yako, aliyoligundua lile tumbo, ulikuwa mdogo mno. Alikuja kutoka Giakanja na kikapu cha sukuma wiki na viazi, akakupakata, mkono wake ukakwama ubavuni kwako wa kushoto. Akamwita mama yako. "Halima, hii mtoto iko na bandama. Ati imefika karibu na kitovu." Sisi sote tukasema ni malaria. Nyeri na baridi yake yote mbu wa kukuuma hivyo angetoka wapi, hatukujiuliza. Tulisema labda ni kule Mwea, kwenye mashamba ya mpunga, tulikokwenda msibani ukiwa bado mgongoni.

Tukakupeleka kwa yule bibi wa Majengo aliyekuwa akichanja bandama. Zile chale unazozificha hata mbele ya dada zako, ni wembe wake. Mimi ndiye niliyekushika miguu. Nimeshika miguu ya wanyama wengi maishani na sijawahi kuota hata mmoja, lakini ile yako bado naiota.

Bandama haikunywea. Ukawa mweupe wa macho, unachoka ukipanda kilima cha kwenda shule. Hapo ndipo baba yako alipojifanya daktari. Mimi nimepasua maini tangu nilipokuwa kijana kichinjioni na marehemu babu yako. Ini bovu nalijua hata nikifumba macho: ni gumu, lina vinundu, ukilikata linakwaruza kisu kana kwamba lina mchanga. Nilikutazama tumbo lile nikasema hili ni ini, na ini huponywa kwa ini. Kila siku nikawa naficha ini bora la mbuzi, wateja wakubwa nawaambia limekwisha, naja kukuchomea mwenyewe juu ya jiko. Ulikuwa hulipendi. Ulikuwa unalitafuna huku unanitazama, na mimi nikasema moyoni, atanishukuru.

Kisha ukapata homa, mama yako akakupa aspirini mbili tatu kama ilivyo kawaida, hatukujua kwamba huzidisha damu kuvuja. Haikupita siku nyingi ukanifuata hapa hapa buchani, umevaa sare ya shule, ukasubiri mteja aondoke kwa sababu ulikuwa na haya. Ukaniambia, "Baba, choo changu ni cheusi. Cheusi kama masizi."

Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nikakwambia, "Unakula ini kila siku, ulitaka kiwe cha rangi gani?"

Ukacheka na wewe, ukaenda zako shule. Ulirudi kesho yake ukaniambia tena, nikakujibu vile vile. Saumu, mtu asiyejua kitu kuhusu maini angeogopa, angekupeleka hospitali. Mimi nilikuwa najua, na kujua kwangu ndiko kulikotaka kukuua. Ile ilikuwa damu yako ikivuja ndani kidogo kidogo, na mimi nikawa naisingizia nyama yangu.

Ulitapika alfajiri, kwenye karai la kukuogeshea. Nimeishi na damu, najua ujazo wake, na nilipoitazama ile nilijua mtoto wa kimo chako hawezi kuitoa yote hiyo na akabaki. Nilikubeba mikononi hadi hospitali, mama yako nyuma yangu hana hata viatu. Walikuongezea damu, yangu ikiwamo. Lakini mmoja wao pale, mtu wa kuandika majina, akaniuliza kwa sauti ya kusikika hadi nje, "Mzee, huyu mtoto anaonjeshwa pombe? Hii ni ugonjwa ya ini ya walevi."

Neno lile lilifika mtaani kwetu Majengo kabla yangu. Mtoto wa mchinjaji, Mwislamu, ana ini la mlevi! Watu wakahesabu: baba hanywi, mama hanywi, basi ni Giakanja, kwa bibi yake. Ati anampa pombe ya muratina akienda likizo. Na mimi, badala ya kuwanyamazisha, nikaamini. Cucu yako, ambaye kanisa lake lingemfukuza hata kwa kunusa pombe, alikuja kukuona na nikamzuia mlangoni. Alisimama na kikapu chake. Alisema tu, "Baba Saumu, mimi sijui kuonja hata uji ikichacha." Kisha akaondoka. Nilikaa zaidi ya mwaka bila kumwomba radhi, na nilipokwenda kumwomba alikuwa hasikii vizuri, sijui alielewa nini katika maneno yangu.

Nairobi ndiko tulikojua. Yule daktari Mhindi mfupi, unamkumbuka, alikuwa na peremende mfukoni. Walikupiga picha baada ya kukutia dawa ya rangi kwenye bandama, kisha akaniita. Jambo la kwanza aliloniambia ni hili: "Ini lake ni zima. Pengine ni zima kuliko langu na lako." Nikabishana naye! Nikamwambia mimi ni mchinjaji, maini nayajua. Hakukasirika. Aliniuliza kama nimewahi kuona shamba la mpunga. Nikasema nimeliona. Akasema, "Mfereji mkuu unaopeleka maji shambani umeziba. Shamba halina ubaya wowote. Lakini maji hayasimami, yanarudi nyuma, yanatafuta njia za pembeni. Huku kwake damu itokayo tumboni ilipaswa kuingia kwenye ini kwa mshipa mkubwa. Mshipa umeziba, damu inarudi, bandama inavimba. Nyingine inapita kwa vimishipa vyembamba vya kooni na tumboni ambavyo havikuumbwa kubeba mzigo huo. Siku moja kimoja kinapasuka."

Nikamwambia basi aikate hiyo bandama, maana ndiyo inayoonekana. Akakataa. Alisema mshipa wa bandama ndio anaotumaini kuutumia ukishakua, auunganishe na mwingine ili damu ipate njia, na tukiikata kwa pupa tutakuwa tumevunja daraja kabla ya kuvuka. Tukasubiri miaka. Ulipofikia umri alikupasua, na wewe unajua zaidi yangu kilichofuata, maana kovu ni lako. Alikuta mshipa ule ni mwembamba mno, haushoneki, akakufunga. Alitoka akiwa na uso wa mtu aliyefiwa. Mama yako alidhani umekufa.

Kuna jambo moja aliniuliza siku ile ya kwanza ambalo sijawahi kukwambia. Aliniuliza kama kitovu chako kilioza ulipokuwa mchanga. Kilioza. Kilitoa usaha na ulikuwa na homa hata tukakata tamaa, kisha ukapona na sisi tukasahau. Mafuta yaliyopakwa kitovuni ni ya kondoo, kama walivyofanya wazee wa kwa mama yako, na aliyeyaleta ni mimi, kutoka kichinjioni, ndani ya mkebe niliokuwa nikitilia kila kitu. Daktari alisema uchafu wa kitovuni unaweza kupanda kwa mshipa ule na kuuziba. Alisema pia kwamba mara nyingi hakuna ajuaye chanzo, nisijihukumu. Alikuwa mwema kusema hivyo. Wewe Mungu akikujalia mtoto, kitovu chake kiache kikavu, asikipake mtu chochote, hata awe nani.

Sasa nije kwenye kiapo. Najua kwa nini uliniapisha. Yule kijana wa Murang'a aliyetangulia kukuposa alikuwa mtu wa maana, na watu wake waliposikia tu neno ini hawakukanyaga tena kwetu. Ulilia wiki nzima ukijifanya una mafua. Walipokuja wa Kutus, mama yako alinivuta jikoni akaniambia, "Ukisema, nani atamchukua? Watasema tunawauzia ng'ombe mgonjwa." Nikarudi sebuleni. Baba wa mchumba wako Yusufu akauliza, kama ilivyo ada, "Na binti ni mzima?" Nikajibu, "Ni kama mnavyomwona." Walicheka, wakapiga dua. Mimi nikaitikia amina pamoja nao.

Ningeweza kuishi na uongo ule, Saumu, sikufichi. Nimeishi na mingine. Lakini mama yake Yusufu alisema neno wakati wa kuaga. Alinyoosha mikono yake mbele ya mama yako akasema, "Wajukuu wangu wote nimewapokea na hii mikono. Hospitali ni ya watu hawana mama." Wote wakafurahi. Mimi nikakumbuka alichoniambia daktari mara ya mwisho tulipokwenda, ulipokuwa umetoka nje kununua machungwa. Mambo haya baba hasemi na bintiye, lakini mama yako amekataa kuyasema na mimi siwezi kukuacha uende bila kuyajua. Alisema unaweza kuzaa. Ila mimba itaongeza mzigo kwa vile vimishipa, na kwa hiyo ujifungulie hospitali yenye damu ya kuongeza, chini ya daktari anayejua una nini tangu mwezi wa kwanza. Alisema, "Ini lake ni zima, akipata damu mapema atasimama tena. Wenye ugonjwa huu hawauawi na mshipa sana, wanauawa na kuchelewa. Atakayeishi naye lazima ajue."

Nikakuona akilini, uko chumbani Kutus, alfajiri, unasema choo ni cheusi. Na mtu mwema, anayekupenda, anacheka.

Ndipo nikaenda. Baba yake alinisikiliza hadi mwisho. Mama yake alikunja kanga magotini akaniuliza, "Sasa hiyo maneno yote mlikuwa mmeiweka wapi siku ya posa?" Nikamjibu, "Niliiweka mdomoni, mama. Ni makosa yangu. Saumu hana lawama." Yusufu alikuwa ametoka kinuni kukoboa mpunga, amejaa vumbi, alisimama mlangoni nusu ya mazungumzo yote. Hakuna aliyenisindikiza. Tangu Jumanne nimekuwa nikikuona ukijaribu gauni na sijui kama kuna mtu atakayekuja kulitazama. Nilitaka kukwambia kila jioni. Kila jioni nilishindwa.

Leo baada ya sala ya Ijumaa Yusufu alikuja hapa, peke yake. Kulikuwa na wateja, akangoja nyuma kama ulivyongoja wewe siku ile. Nilimkatia mtu mbavu zake. Walipoondoka nikamwambia, "Sema tu mwanangu. Nimezoea."

Akasema, "Baba, mimi sikukuja kuvunja. Ulituambia ni ugonjwa gani, hukutuambia mtu anafanya nini."

Nikachukua ini la mbuzi lililobaki, zima pamoja na mshipa wake, nikaliweka kwenye gogo nikamwonyesha. Hapa damu huingilia. Hapa kwake pameziba. Nikaipasua nyama ile nikamwonyesha ilivyo laini, nikamwambia la Saumu ni hivi hivi, asikubali mtu yeyote amwambie ni la mlevi. Alilishika kwa vidole viwili, maskini, ni mtu wa mpunga. Akauliza, "Na damu ikitoka, nifanye nini kwanza?"

Nikamwambia, "Usingoje. Ukisikia cheusi, usingoje chekundu. Usingoje kupambazuke, usingoje mama yako aamke, usingoje kuona kama kitapita. Mbebe mwende. Huko mbele ya safari ndiko mtakakojua kama mlikuwa na haraka bure."

Alirudia maneno yale polepole. Kisha akauliza lililonichoma. "Kwa nini hakuniambia yeye mwenyewe? Ningemkataa?"

Nikamwambia, "Hakukuogopa wewe. Mimi ndiye niliyemfundisha kuona haya."

Sitaki uende na picha nzuri kuliko ilivyo. Mama yake hajakubali. Yusufu alisema, "Mama atakuja kesho, lakini roho yake bado inakataa." Utaingia katika nyumba ambayo mmoja wa wenyewe anakuona umeletwa kwa hila, na hila hiyo ni yangu, utailipa wewe kila siku jikoni. Hata Yusufu sijui. Leo amesimama vizuri hapa. Kusimama mbele ya mama yake usiku wa manane, mvua ya Kutus inanyesha, gari halipatikani, hilo hajalijaribu, na mimi siwezi kumjaribia. Wala siwezi kukudanganya kwamba umepona kwa sababu miaka hii miwili imekuwa kimya. Daktari alisema kimya si kupona.

Mtoto wa kwanza njoo umzalie kwetu, kama ilivyo desturi, hospitali iko karibu na mimi niko. Nimemwambia Yusufu naye amekubali. Ukisoma hapa najua utasema, baba amepanga hata tumbo langu. Ni kweli. Kasirika.

Unaweza kukataa kunipa mkono kesho. Nitasimama mlangoni na watu watafikiri ni uchungu wa kuaga. Unaweza kukaa Kutus mwaka bila kuniletea salamu, nami nitakuwa nimestahili, maana cucu yako nilimfanyia hivyo hivyo bila sababu. Sikuombi radhi yako upesi. Radhi ina wakati wake.

Lakini Saumu, mama, siku utakapoona cheusi, usingoje kwanza unisamehe. Niite ukiwa bado na hasira na mimi. Nitakuja hivyo hivyo, na safari hii sitacheka.

Baba yako,
Bakari mchinjaji